Mkono Uliochora: Kusoma Sahihi Zilizofifia katika Picha za Sayansi

Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha kwa sauti mbili. Ya kwanza ni yake mwenyewe. Ya pili ni ya picha aliyoitundika ukutani. Anapofundisha mizizi ya mhindi, maisha ya mbu, au viungo vya mwili, aghalabu picha ndiyo isemayo zaidi, na wanafunzi huiamini kuliko maneno. Lakini kila picha ina mwenyewe. Mtu fulani aliketi mbele ya jani au mdudu, akatazama, akachora. Mara nyingi jina la mtu huyo limo katika picha yenyewe, chini pembeni, kwa herufi ndogo zilizofifia kama nyayo za sisimizi. Makala haya yanazungumzia herufi hizo: jinsi ya kuzisoma, na sababu ya sisi walimu kujitaabisha nazo.

Sisi wakufunzi wa chuo hiki, tufundishao sayansi na sanaa, kwa miaka kadhaa tumetumia picha kuukuu za sayansi kuwa zana ya kufundishia utazamaji. Chache ni kurasa zilizonyofoka vitabuni. Nyingi ni nakala tulizochapisha kutoka katika maktaba kubwa za dunia, ambazo siku hizi huweka vitabu vyao vya kale kwenye intaneti ili kila mtu avisome bila malipo. Tumeona kwamba mwanachuo aliyekwisha kuhangaika na sahihi moja iliyofifia huitazama picha yoyote kwa jicho jipya.

Mikono mingi katika picha moja

Kabla kamera haijaenea, picha ya kitabu ilipitia mikono ya watu kadhaa. Wa kwanza alichora akiwa na kitu chenyewe mbele yake, au mchoro wa mwingine. Wa pili aliuhamisha mchoro huo kwenye kibao cha mti, au bamba la shaba, au jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Wa tatu alitia wino na kuchapa. Wa nne alipaka rangi kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine. Pengine mtu mmoja alifanya kazi mbili au tatu katika hizo.

Katika karne ya 18 na ya 19, mafundi wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuandika majina yao chini ya picha pamoja na vifupisho vya Kilatini. Anayevijua amekwisha kushika ufunguo. *Del.* maana yake ni kwamba mtu huyo ndiye aliyechora. *Pinx.* ni aliyepaka picha kwa rangi. *Sculp.*, au *sc.* tu, ni aliyechonga bamba. *Lith.* ni aliyechora juu ya jiwe. *Imp.* ni mchapaji. Palipoandikwa *ad nat.*, mchoraji anadai kwamba alitazama kitu halisi. Kwa kawaida mchoraji hukaa upande wa kushoto na mchongaji upande wa kulia.

Sahihi hizo hufifia kwa sababu nyingi. Bamba la shaba hulika kila linapochapwa, na mistari myembamba ndiyo itanguliayo kupotea. Mjalidi wa vitabu alipopunguza kingo za karatasi, pengine alikata na jina. Wachoraji wengine walijificha kwa makusudi, wakaandika herufi zao katikati ya majani au chini ya jiwe alilosimama ndege. Tena kuna jambo la kinyume: kinachochorwa kwenye bamba au jiwe hutoka kimegeuka katika karatasi, kwa hiyo fundi alilazimika kuandika jina lake kinyumenyume. Ndiyo maana mara nyingine tunakuta herufi S au N iliyogeuka, mkono ulisahau.

Hatua tano za kusoma

Katika kazi hii tunafuata hatua tano, na tunawasihi wanachuo wasiruke hata moja.

Kwanza, mwanga. Taa isielekezwe juu ya karatasi bali iwekwe kando, chini kabisa, ili mwanga uteleze juu ya uso wa karatasi. Palipokandamizwa patatoa kivuli. Kisha itumike lenzi ya kukuzia.

Pili, kunakili. Andika kile tu ukionacho, na mahali pa herufi isiyosomeka weka nukta. Hapa ndipo wengi hukosea njia, kwa kuwa jicho la binadamu hupenda kukamilisha. Mtu akiona herufi tatu huona jina zima.

Tatu, kulinganisha. Kitabu kimoja huwa na picha nyingi za fundi yule yule. Jina lililofutika katika ukurasa huu huenda likasomeka vizuri katika ukurasa wa ishirini.

Nne, kutafuta shahidi aliye nje ya picha: dibaji ya kitabu, barua, au daftari la malipo.

Tano, kutoa hukumu kwa daraja. Tunaruhusu majibu matatu tu: ni hakika, yaelekea, haijulikani. Kila jibu sharti lifuatwe na sababu.

Ua la Usambara

Mfano tuupendao unatoka milima ya Usambara. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika sehemu za Tanga, ambaye pia alitunga kitabu cha kujifunzia Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1890, alipeleka kwao Ujerumani mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliuita *Saintpaulia ionantha*, kwa heshima ya ukoo huo. Leo mmea huo hupandwa vyunguni madirishani katika nchi nyingi za dunia.

Mwaka 1895 picha ya ua hilo ilitoka katika jarida la Uingereza liitwalo Curtis's Botanical Magazine, lililoanzishwa mwaka 1787. Ni picha namba 7408. Katika picha za jarida hilo za miaka ile, mwanachuo hukuta maandishi madogo ya namna hii: *M.S. del.*, na kando yake *J.N. Fitch lith.* Tunapowauliza wanachuo nani alichora, wengi hujibu upesi: Fitch. Jina lake ndilo lililoandikwa kwa urefu, na jicho hufuata kirefu. Lakini ufunguo wa vifupisho unasema vingine. Fitch alihamisha picha kwenye jiwe. Aliyechora ni M.S.

Huyo M.S. ni nani? Hapo ndipo hatua ya tatu na ya nne zinapofaa. Picha nyingine za jarida hutoa jina la Smith, na kumbukumbu za Bustani ya Mimea ya Kew, jijini London, zinalikamilisha: ni Matilda Smith, mwanamke aliyezaliwa Bombay mwaka 1854. Alianza kulichorea jarida hilo mwaka 1878, na hadi alipoacha, zaidi ya picha 2,300 zilikuwa zimetoka mkononi mwake. Mwaka 1898 Kew ilimwajiri rasmi kuwa mchoraji wake wa mimea, naye alikuwa wa kwanza kupewa cheo hicho. Mwaka 1891 mtaalamu mmoja wa mimea alikuwa amelipa kundi moja la maua jina la *Smithiantha* kwa heshima yake, na kundi hilo ni la ukoo mmoja na ua letu la Usambara. Jambo la kutafakari ni hili: tangu mwaka 2015 wataalamu wamelihamisha ua hilo katika kundi la *Streptocarpus*, kwa hiyo jina la mtawala halimo tena katika jina lake rasmi. Herufi mbili za mchoraji bado zipo chini ya picha.

Hata hivyo, tusidhani kwamba sahihi husimulia yote. Jarida hilo liliendelea kutiwa rangi kwa mkono hadi mwaka 1948, na waliozitia rangi hizo hawakuandika majina yao chini ya picha. Wala picha haisemi kitu juu ya wenyeji wa milima ile, waliolijua ua hilo kabla halijapewa jina la Kilatini.

Mitego ya kujihadhari nayo

Mtego wa kwanza ni jina la ukoo. Kabla ya Matilda Smith, jarida hilo lilichorewa kwa zaidi ya miaka arubaini, tangu 1834 hadi 1877, na Walter Hood Fitch. Huyo J.N. Fitch ni mpwa wake, John Nugent Fitch. Asomaye "Fitch" bila kuangalia herufi za mwanzo na mwaka wa kuchapwa atamvika mpwa joho la mjomba. Hali kadhalika, Joseph Smit na mwanawe Pierre Jacques Smit walichora wanyama na ndege, wote wawili wakitia sahihi ya Smit.

Mtego wa pili ni jina la mwenye mali. John Gould alitoa vitabu vikubwa vya ndege katika karne ya 19, na picha zake nyingi zina jina lake pamoja na la H.C. Richter, kana kwamba wote wawili walichora juu ya jiwe. Wachunguzi wamekwisha kuonyesha kwamba Gould alitoa vielelezo vya awali na kuongoza kazi, na kazi ya jiwe ilikuwa ya mafundi wake. Fundi wake wa mwanzo alikuwa mkewe, Elizabeth, aliyefariki mwaka 1841. Ndege wa safari ya Charles Darwin katika meli ya Beagle, picha 50, walichorwa juu ya jiwe na mama huyo. Ushahidi mzuri wa jambo hilo ni maneno ya utangulizi, ambamo Darwin alimtaja na kumsifu. Shahidi wa nje ana kazi yake.

Mtego wa tatu ni kutaka jibu kwa nguvu. Kitabu cha Andreas Vesalius juu ya mwili wa binadamu, kilichochapwa Basel mwaka 1543, ni miongoni mwa vitabu vilivyobadili elimu ya tiba. Mchoraji wa picha zake hakutajwa. Wako wanaosema ni Jan van Calcar, kwa sababu Vesalius alimtaja katika kazi yake ya mwaka 1538, wengine wanapinga. Mwanachuo anayeandika "yaelekea" mbele ya picha hizo ameonyesha elimu kuliko yule anayeandika jina kwa herufi kubwa.

Swali la mwanachuo

Siku moja mwanachuo alituuliza, bila kuficha uchovu wake, "Mtoto wa darasa la nne atafaidi nini kumjua aliyechora ua?" Swali hilo ni la haki, na mwalimu asiyeweza kulijibu hana ruhusa ya kutumia saa za watoto.

Tulijibu kwa kifaru. Mwaka 1515 kifaru alifikishwa Lisbon kutoka India. Albrecht Dürer, aliyekuwa Nuremberg, hakumwona. Alipata maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akachora picha iliyovuma kote Ulaya, yenye mnyama aliyevaa ngozi kama deraya na pembe ndogo juu ya mabega. Pembe hiyo haipo kwa kifaru yeyote. Lakini picha ilikuwa nzuri, ikanakiliwa vitabuni kwa zaidi ya miaka mia mbili, na watoto wengi walijifunza pembe isiyokuwapo. Sahihi ya Dürer, herufi A na D, haikufifia. Imesimama wazi kabisa. Anayeijua huweza kuuliza: mtu huyu aliishi wapi, naye alimwona mnyama huyu? Mtoto aliyezoezwa kuuliza hivyo hataamini picha kwa sababu tu imechapwa. Katika zama hizi ambapo picha humfikia mtoto kila siku kwa njia ya simu, sijui kama kuna silaha nyingine tunayoweza kumpa iliyo bora kuliko swali hilo.

Faida ya pili ni haki. Waswahili husema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Leonhart Fuchs alipochapisha kitabu chake cha mimea mwaka 1542, chenye picha zaidi ya 500, alitia ndani yake sura za mafundi wake watatu: Albrecht Meyer aliyechora, Heinrich Füllmaurer aliyehamisha michoro kwenye vibao, na Veit Rudolf Speckle aliyechonga. Huo ulikuwa uungwana wa nadra. Wengine walingoja muda mrefu. Kusini mwa India, katika karne ya 19, daktari wa Kiskoti Robert Wight alitoa maelfu ya picha za mimea ya nchi hiyo, na waliomchorea zaidi walikuwa Wahindi wawili, Rungiah na Govindoo. Majina yao yamo chini ya picha kwa herufi ndogo. Wight mwenyewe alilipa kundi moja la okidi jina la Govindoo. Lakini kwa miaka mingi wasomaji waliona jina la Wight peke yake, hadi Henry Noltie wa Bustani ya Mimea ya Edinburgh alipozikusanya kazi zao na kuchapisha juu yao mwaka 2007. Majina hayakuwa yamefichwa, hayakusomwa.

Chati ya mhogo

Hatukupenda wanachuo wadhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na India tu, kwa hiyo tuliwapeleka katika ghala la zana za kufundishia la chuo chetu. Humo mna chati ya mmea wa mhogo, kubwa kama mlango, iliyotumiwa katika mazoezi ya kufundisha na vizazi vingi vya wanachuo. Kila mmoja aliisifu. Hakuna aliyejua ilitoka kwa nani. Taa ya kando ilitoa herufi mbili za penseli chini ya mzizi wa mwisho. Wanachuo wakalinganisha mwandiko wa chati hiyo na chati nyingine za ghala, hasa mkia wa herufi g, wakapata tatu za mkono ule ule, mojawapo ikiwa na mwaka 1983. Daftari la wanachuo wa mwaka huo lilikuwa na watu wawili tu wenye herufi hizo za mwanzo, na mmoja wao hakufundisha sayansi. Hukumu yao: yaelekea. Wakaandika barua.

Jibu lilitoka kwa mwalimu mstaafu. Alikubali kwamba chati ni yake, akashukuru kwa heshima, kisha akaisahihisha hukumu yetu: yeye alichora shina na majani, mizizi yote na rangi zote zilikuwa kazi ya mwanachuo mwenzake, ambaye hakuandika jina kwa sababu alisema mwandiko wake mbaya, na ambaye sasa ni marehemu. Aliomba jambo moja, kwamba jina la mwenzake litangulie. Sasa chati ina majina mawili kwa wino, la marehemu likiwa juu, na mbele ya kila jina imeandikwa kazi aliyoifanya. Mwanachuo aliyeuliza lile swali la darasa la nne ndiye aliyeyaandika.

Darasani

Kwa mwalimu atakaye kulijaribu somo hili katika darasa la nne au la tano, vipindi viwili vinatosha, na vifaa ni vile vilivyopo kijijini.

Kipindi cha kwanza, kila kundi likate kiazi katikati na kuchonga herufi ya mwanzo ya jina la mmoja wao, kisha lipige mhuri kwa wino au maji ya udongo. Herufi itatoka kinyume. Mwalimu asieleze mapema. Aache washangae, wajadili, na kuchonga tena. Kisha wachore jani halisi kwa kugawana kazi: mmoja achore, wa pili anakili kwenye karatasi nyingine, wa tatu atie rangi. Kila mmoja aandike jina na neno la kazi yake: alichora, alinakili, alitia rangi.

Kipindi cha pili, mwalimu afute sehemu ya majina kwa kifutio, kisha makundi yabadilishane picha na kuwatafuta wachoraji kwa hatua tano. Katika kusahihisha, alama zitolewe kwa ushahidi. Kundi lililosema "haijulikani" kwa sababu nzuri lizidi kundi lililopatia kwa kubahatisha. Mwalimu akilegea hapo, somo lote limeharibika, kwani watoto watajifunza kwamba kupatia ndiko kujua.

Mwisho, ndugu mwalimu, tunakuomba uanze na ukuta wa darasa lako mwenyewe. Chati uliyoinakili kitabuni iandike ulikoitoa. Uliyoichora kwa kutazama mmea, andika kwamba uliutazama, na mahali ulipoutazama. Aliyekusaidia kutia rangi, hata akiwa mtoto wa darasa la tatu, mwandike. Tumia wino, na acha nafasi pembeni, ili atakayekata karatasi asikate jina.